Baridi ya Houston: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Novemba ikikaribia, maswali yaleyale hurudi kutoka kwa ndugu wanaohamia Houston, Texas: Watanzania na Wakenya waliokuja kwa masomo na kazi, Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma. Ukurasa huu unayajibu kwa pamoja. Jambo moja lishike kabla ya mengine. Baridi ya hapa si ndefu, na siku nyingi si kali. Ubaya wake ni kuja ghafla, tena katika mji ambao nyumba zake zimejengwa kupambana na joto.

## Ya msingi

Houston kuna baridi kweli, au watu wanatia chumvi?

Ipo, lakini inakuja kwa vipande. Mwezi wa baridi zaidi ni Januari. Kwa wastani mchana hufika nyuzi 17 au 18 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 6 au 7. Aliyezoea Nairobi ya Julai hataona ajabu mchana, ila usiku wa hapa unaushinda ule wa Nairobi. Aliyekulia Makete au Kinangop, ambako umande huganda shambani, atauliza watu wanalalamikia nini. Aliyetoka Dar, Mombasa au Uvira ataisikia mifupani.

Lakini huo ni wastani, na wastani wa hapa unadanganya. Ndani ya juma moja unaweza kupata siku ya nyuzi 26 na usiku wa sifuri. Mwaka 2021 Texas iliganda vibaya mno mwezi Februari, kisha mwaka huohuo ikapata Desemba yenye joto kuliko Desemba zote zilizorekodiwa katika jimbo hilo. Usipange maisha yako kwa wastani. Angalia utabiri wa siku tano zijazo.

Inaanza lini, inaisha lini?

Hewa ya ubaridi huanza kuonja mji mwishoni mwa Oktoba. Baridi yenyewe ni Desemba, Januari na Februari. Usiku wa kuganda ni wachache kwa mwaka, na wengi wao huangukia miezi hiyo mitatu. Vitongoji vya kaskazini kama Spring na Conroe huganda mara nyingi kuliko katikati ya mji, na Galveston iliyo baharini huganda mara chache kuliko wote. Katikati ya Machi watu wameshaanza kuulizana juu ya bili za kiyoyozi.

Katikati ya Januari hukimbiwa Houston Marathon. Asubuhi ya ubaridi na barabara tambarare huifanya kuwa mbio ya kasi, na Wakenya na Waethiopia wameshinda humo mara nyingi. Ukitaka kuona majira haya yakiwa mazuri, toka ukawashangilie.

Kwa nini jana nilivaa kandambili na leo natetemeka?

Kwa sababu kati ya Texas na Kanada hakuna mlima unaokingama. Hewa nzito ya baridi ikijikusanya kule kaskazini, huteremka juu ya nyanda tambarare bila kizuizi hadi kwenye Ghuba ya Meksiko. Upande wa pili, upepo wa kusini hubeba joto na unyevu kutoka Ghuba hiyohiyo. Houston iko mahali ambapo hewa hizo mbili zinasukumana.

Wenyeji wanazijua dalili. Siku moja kabla, hewa huwa ya joto na nzito, unatokwa na jasho Januari. Kisha wingu jeusi hujipanga upande wa kaskazini, upepo hugeuka, mvua hupiga kidogo, na ndani ya saa chache nyuzi 10 au 15 zimetoweka. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hili ni geni kabisa, maana kwetu upepo wa kaskazi wa Desemba hadi Machi ndio unaoleta joto. Hapa upepo ukitoka kaskazini, chukua koti hata kama jua linawaka.

Baada ya hapo huja siku mbili tatu za anga safi ya buluu na hewa kavu, kisha upepo wa kusini hurudi taratibu. Mzunguko huo hujirudia majira yote.

Mbona nyuzi 8 za Houston zinauma kuliko nyuzi 8 nilizozoea?

Unyevu na upepo. Siku za mawingu na manyunyu nguo hubaki na majimaji, na mwili hupoteza joto haraka. Tena Houston haina kiangazi kikavu cha kusubiri: mvua hunyesha mwaka mzima, Januari ikiwemo. Sababu nyingine ni nyumba zenyewe. Nyumba nyingi za zamani, hasa zile za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo fupi, hupitisha upepo chini ya sakafu na pembeni mwa madirisha.

Simu inaniambia 45. Ni baridi au joto?

Ni baridi. Marekani hutumia Farenhaiti. Kariri vituo vinne: 32 ni sifuri yetu, yaani maji yanaganda, 50 ni nyuzi 10, chukua koti, 68 ni nyuzi 20, ndicho kipimo ambacho watu wengi huwekea hita ndani, 86 ni nyuzi 30, umerudi Dar. Ukiona utabiri wa usiku unasema 28 au chini yake, nenda moja kwa moja kwenye swali la mabomba hapo chini.

Saa za hapa na nyumbani zinapishana vipi majira ya baridi?

Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma, na Houston huwa nyuma ya Dar, Nairobi na Kampala kwa saa 9. Bujumbura, Kigali na Kongo ya mashariki tofauti ni saa 8. Machi saa husogezwa mbele, na tofauti hupungua kwa saa moja. Siku fupi kuliko zote huwa karibu na tarehe 21 Desemba: jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Ukitaka kuongea na wazee kabla hawajalala, piga asubuhi unapoamka.

## Mavazi, hita na nyumba

Ninunue koti gani? Lile kubwa la manyoya?

Hapana. Usitumie fedha ya mwezi wa kwanza kwenye koti la Minnesota, jimbo la baridi kali kule kaskazini. Nunua vitu vya kuvaa moja juu ya jingine: fulana, sweta yenye kofia, na jaketi la kuzuia upepo na mvua. Ongeza soksi nene, kofia ya sufu, na glovu kwa watoto wanaosubiri basi la shule alfajiri. Asubuhi unavaa vyote, saa nane mchana umebaki na fulana. Maduka ya mitumba ya hapa yana makoti mazuri, kwani watu huhamia kutoka kaskazini na kuyatoa. Anayefanya kazi kwenye ghala la vyakula baridi au usiku nje bandarini ana mahitaji mengine. Huyo anunue nguo za kazi zenye bitana.

Mama yetu anakuja kututembelea Januari kutoka Tanga. Ataweza?

Ataweza, na huenda akaipenda kuliko Agosti ya hapa. Mpokeeni uwanja wa ndege na sweta na soksi mkononi, kwa sababu uwanjani kiyoyozi na mlangoni upepo vitamshtua. Chumbani mwekee blanketi la ziada badala ya kupandisha hita mno, maana hewa ya hita hukausha koo na ngozi. Mafuta ya nazi na chai ya tangawizi atakuja navyo mwenyewe, bila shaka. Kama ana presha, pumu au baridi yabisi, dawa zake zitoshe safari nzima na siku kadhaa za akiba, kwa kuwa barafu ikitanda ndege huahirishwa.

Hita nimewasha, inanuka kama kitu kinaungua. Niite zimamoto?

Ukiiwasha mara ya kwanza kwa mwaka, harufu ya vumbi linaloungua ni ya kawaida na huisha baada ya muda mfupi. Isipoisha, au ukiona moshi, zima na uite fundi au ofisi ya apatimenti. Harufu ya mayai yaliyooza ni jambo tofauti kabisa: hiyo ni gesi inayovuja. Usiwashe taa, usizime taa, toeni watu wote nje, kisha pigeni simu mkiwa mbali na nyumba.

Hita ndogo ya umeme ya kuweka sakafuni ichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye kebo ya kuongezea, na ikae mita moja mbali na pazia, kitanda na nguo. Usilale ikiwaka.

Umeme ukikatika, naweza kuwasha jiko la mkaa ndani huku dirisha limefunguliwa?

Hapana. Hata dirisha likiwa wazi, hata kama nyumbani tulifanya hivyo miaka yote. Swali hili ndilo tunalotaka lisomwe hata na asiyesoma mengine.

Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Jiko la mkaa la nyumbani kwetu lilikuwa nje, barazani, au ndani ya nyumba yenye mwanya kati ya ukuta na paa. Apatimenti ya hapa imefungwa ili kiyoyozi kisipotee, hivyo gesi hujaa upesi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala hazisikii kabisa.

Februari 2021 watu wengi wa Houston walifikishwa hospitali kwa gesi hii, na wengine walikufa. Walikuwa wamewasha majiko ya mkaa ndani, jenereta karibu na mlango, au gari ndani ya gereji iliyoungana na nyumba ili wapate joto na kuchaji simu. Walikuwa wakiwalinda watoto wao, na baadhi yao walitoka nchi za joto kama sisi.

Kwa hiyo: jiko la mkaa na la gesi ya mtungi ni vya nje tu. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekea upande wa pili. Tangu kimbunga Beryl cha Julai 2024 kilipowaacha watu zaidi ya milioni 2 bila umeme, jenereta zimeongezeka mitaani, kwa hiyo muulize jirani yako anaiweka wapi. Oveni ya gesi si hita. Gari liwashwe nje ya gereji. Nunua king'ora cha kaboni monoksidi chenye betri. Bei yake ni ya kawaida na huning'inizwa karibu na vyumba vya kulala. Kikilia, tokeni nje kwanza, mengine baadaye.

Wenyeji wanasema "linda vinne". Ni vipi?

Watu, wanyama, mabomba na mimea. Kila onyo la kuganda likitolewa utasikia orodha hiyo kwenye televisheni. Watu ni pamoja na jirani mzee anayeishi peke yake, basi mgongee mlango. Mbwa na paka waingie ndani. Mabomba yana swali lake hapa chini, na mimea iko kwenye sehemu ya bustani.

Nifanye nini na mabomba ya maji?

Nyumba za kaskazini mwa Marekani huficha mabomba ndani kabisa. Za Houston mara nyingi huyapitisha darini au kwenye ukuta wa nje, kwa sababu mjenzi alikuwa akifikiria joto. Maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba, lakini hutajua mpaka yayeyuke. Ndipo dari inapoanguka juu ya kitanda.

Funga koki za nje kwa vifuniko vya sponji au matambara yaliyofunikwa plastiki. Toa mpira wa bustani kwenye koki. Fungua milango ya makabati ya chini ya sinki ili joto la nyumba lifike. Watu wengi huacha koki idondoshe maji kidogo usiku, na mara nyingi husaidia, ila sikiliza mji unasema nini: mwaka 2021 presha ya maji iliposhuka, wakazi waliombwa wasiache maji yatiririke. La muhimu kuliko yote, jua leo iliko koki kuu ya kufungia maji ya nyumba nzima. Kwa wenye nyumba huwa karibu na ukuta wa nje au kwenye kisanduku cha mita. Kwa wapangaji, iulize ofisi kabla ya Desemba.

Hita ya apatimenti imekufa na mwenye nyumba hajibu. Nisilipe kodi?

Lipa. Texas, kuzuia kodi kunaweza kukuletea kesi ya kuondolewa. Andika malalamiko yako kwa maandishi yenye tarehe, tunza nakala, piga picha ya themostati ikionyesha kipimo. Sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba arekebishe kasoro zinazogusa afya na usalama wa mpangaji aliyelipa kodi yake na kutoa taarifa.

## Theluji, barafu na barabara

Theluji huanguka Houston?

Mara chache, na kila ikianguka watu huikumbuka kwa mwaka wake: 2004, 2008, 2009, 2017, 2021. Februari 1895 zilianguka karibu sentimita 50, na rekodi hiyo bado haijavunjwa. Tarehe 21 Januari 2025 mji uliamka mweupe. Zilianguka sentimita kadhaa, viwanja vyote viwili vikubwa vya ndege vikasimamisha safari, shule zikafungwa, na watoto wakateleza kwenye vilima vya bustani kwa vifuniko vya plastiki. Ilikuwa siku njema kwa sababu umeme haukukatika. Ikianguka tena, wapigie picha wazee nyumbani. Pengine miaka itapita kabla hujaiona nyingine.

Theluji na barafu, ipi mbaya zaidi?

Barafu. Theluji unaiona. Mvua inayoganda ikigusa chini hufanya lami ionekane imelowa tu, kumbe ni kioo. Madaraja na flaiova huganda kwanza, maana hewa baridi hupita juu na chini yake, na Houston ni mji wa flaiova: njia za I-10, I-45 na Beltway 8 zimepandana ghorofa kwa ghorofa. Kabla ya dhoruba, idara ya barabara ya Texas hunyunyiza maji ya chumvi juu ya madaraja, lakini mji hauna jeshi la magari ya kukwangua barafu kama Chicago.

Ushauri wetu ni mfupi: usiendeshe. Aliyeendesha miaka 20 Dar au Goma hajawahi kuendesha juu ya barafu, wala dereva aliye nyuma yako. Ukilazimika, tumia barabara za chini, nenda polepole, acha nafasi kubwa, na gari likiteleza usikanyage breki kwa nguvu.

Shule na kazi zikifungwa nitajuaje?

Shule hutuma ujumbe kwa namba uliyoandikisha, hivyo hakikisha ni ya sasa. Mwajiri wako ana utaratibu wake. Muulize msimamizi mapema, hasa kama unalipwa kwa saa.

## Februari 2021

Kila mtu anataja 2021. Kulitokea nini hasa?

Hewa ya ncha ya kaskazini iliteremka ikakaa siku nyingi. Tarehe 16 Februari kipimo cha uwanja wa ndege wa Bush kilishuka hadi karibu nyuzi 11 chini ya sifuri, baridi ambayo mji haukuwa umeiona tangu 1989. Texas nzima iliwasha hita kwa wakati mmoja. Wakati huohuo visima na mabomba ya gesi yaliganda, mitambo ya umeme wa gesi ikazimika kwa wingi, na ile ya makaa, ya upepo, hata kinu kimoja cha nyuklia, ikakwama kwa baridi.

Sehemu kubwa ya Texas ina gridi yake yenyewe, yaani mtandao wake wa umeme, inayosimamiwa na shirika la ERCOT, yenye viungo vichache tu na majimbo mengine. Haikuweza kuazima umeme wa kutosha. El Paso, iliyo kwenye gridi ya magharibi, haikupatwa na giza hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 15 gridi ya Texas ilibakiza dakika nne na nusu hivi ianguke yote. Ili kuiokoa, umeme ulikatwa kwa nyumba na biashara zaidi ya milioni 4, na wengi walikaa gizani siku kadhaa. Houston iliambiwa ichemshe maji ya kunywa. Jimbo lilihesabu vifo 246, na vingi vilitokana na mwili kupoa kupita kiasi.

Linaweza kutokea tena?

Baridi hiyo itarudi siku moja. 1989 ilikuwa kali zaidi. Umeme ni swali lingine. Sheria iliyopitishwa 2021 ililazimisha mitambo ijikinge na baridi, na mawimbi ya baridi ya Desemba 2022 na Januari 2025 yalipita bila gridi kuzidiwa. Hilo linatia moyo, lakini hakuna lililodumu kama lile la 2021. Weka akiba.

Akiba gani?

Maji ya kunywa ya siku tatu kwa kila mtu, na ndoo moja ya choo. Chakula kisichohitaji kupikwa: mkate, siagi ya karanga, maharage ya kopo, tende. Tochi, betri, pawabenki iliyojaa, dawa, mablanketi, fedha taslimu kidogo. Friji isipofunguliwa hutunza chakula kama saa 4, na friza iliyojaa kama saa 48. Umeme ukikatika, laleni wote chumba kimoja na mzibe upenyo wa mlango kwa shuka.

## Bustani na afya

Mchicha wangu umekufa kwa usiku mmoja. Nipande nini?

Sukuma wiki. Majira haya ndiyo yake: ubaridi huiongezea utamu, na hustahimili hata kuganda kidogo. Kabichi, karoti, vitunguu na giligilani pia hustawi. Mchicha (lengalenga kwa Wakongo), bamia, matembele na majani ya sombe ni vya joto. Subiri Machi au Aprili. Wakulima wa Kikongo wanaolima ndani ya mji kupitia shirika la Plant It Forward huuza mboga za majani hata Januari, na kuzungumza nao nusu saa kutakufundisha kuliko ukurasa huu.

Mgomba ukiungua na baridi, usiung'oe. Majani hunyauka na shina huoza, lakini tunguu lililo ardhini huchipua tena. Funika shina lake kwa majani makavu. Mpapai hauna bahati hiyo.

Mwisho wa Februari gari limejaa unga wa njano na ninapiga chafya. Ni mafua?

Huenda ni chavua ya mialoni, ambayo humwagika kwa wiki kadhaa hadi Machi na Aprili. Bila homa na kwa macho kuwasha, muulize mfamasia dawa ya mzio. Pumu ikizidi, mwone daktari.

Nimpigie nani?

911 kwa hatari ya maisha, ikiwemo kuhisi gesi. 311 kwa huduma za mji, kama bomba la barabarani lililopasuka. 211 kwa msaada wa bili, chakula, au kutafuta kituo cha kujipasha joto kilicho karibu. Kote huko ukikwama na Kiingereza, taja "Swahili" na usikate simu; utasubiri kidogo, kisha mkalimani ataingia kwenye laini.